Pizza Iliyokuliza Roma

Mdogo wangu, barua yako imenifikia, nimeisoma na nimeirudia. Unisamehe, lakini pale ulipoandika aya nzima juu ya ukingo wa pizza nilicheka peke yangu jikoni.

Kwa wasomaji wengine, kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wetu ni mtoto wa Tanga anayesoma Uingereza. Mwaka jana hospitali ilimwambia ana siliaki, yaani mwili wake hauivumilii gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Wenzake wa chuo wakapanga safari ya Roma. Wao waliwaza Colosseum na Vatican, yeye aliwaza pizza. Akatafuta hadi akapata mgahawa ambao ngano haivuki kizingiti, akawashawishi wote waende huko siku ya kwanza. Walifika saa kumi na nusu jioni, miguu inawauma. Pizza ikaja ukingo umekauka, katikati majimaji, jibini limeshaganda. Mwenzake aliyeagiza tambi akaletewa donge. Bili ikaja ndefu, na ndani yake kuna malipo ya mkate. Rafiki mmoja akasema, "Kumbe chakula chako ndiyo hiki? Pole." Mdogo wetu akaenda chooni akalia.

Sasa anauliza kama maisha yake yote ya kusafiri yatakuwa hivi, kama alipaswa kulipa, na wenzake atawaambia nini maana mwezi Oktoba wanakwenda tena Italia, safari hii Torino.

Mimi naanza na swali ambalo hukuniuliza. Usiku ule tumbo liliuma? Hukuandika kwamba liliuma, na ninavyokujua kwa barua zako, lingeuma ningepata kurasa nne. Badala yake umeniambia asubuhi yake mlipanda hadi juu ya kuba la kanisa la Mtakatifu Petro. Zile ni ngazi 551. Mimi nikila gluteni jioni, kesho yake hata ngazi za ghorofani kwangu nazitazama kwa huzuni. Kwa hiyo mgahawa uliokuliza ulitimiza kile ulichokuahidi. Kibao cha mlangoni kiliandika kwamba hakuna gluteni. Hakikuandika kwamba kuna ladha, na wewe ulisoma vyote viwili.

Sisemi hivyo kukukejeli. Najua ulichokuwa unakitafuta, na sidhani ilikuwa pizza tu. Ulitaka saa moja ya kukaa mezani bila kuuliza maswali, bila kumwita mhudumu pembeni, bila kuwa yule mgonjwa wa kundi. Mtu akipewa ugonjwa huu ukubwani anaombolezea chakula jinsi watu wanavyoombolezea ndugu, na wenye afya wanamwona mlafi. Lia, mdogo wangu, si dhambi. Lakini ukishafuta machozi tuzungumze kuhusu jikoni, maana jibu la huzuni yako nusu yake liko huko.

Gluteni ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Ukikanda ngano na maji, protini zake zinashikana, zinakuwa kama wavu, na hamira inapotoa hewa wavu ule unaikamata. Ndiyo maana mkate unaumuka, na ndiyo maana ukingo wa pizza ya kweli una mashimo ndani na kutafunika nje. Sasa toa ngano. Mpishi anabaki na unga wa mchele, wanga wa mahindi, wanga wa viazi, na gundi maalumu za chakula za kumsaidia kushikanisha. Hewa inaingia na inatoroka. Kinachotoka tanuri kina dakika chache za uzuri: kikiwa moto kinapendeza, kikipoa kinakauka na kuwa kigumu. Tambi za mchele na mahindi nazo ni vivyo hivyo. Zikizidi dakika mbili kwenye maji zinavunjika, zikikaa kwenye sahani zinashikana. Hazivumilii kusubiri.

Sasa rudi kwenye saa uliyofika. Saa kumi na nusu jioni! Mdogo wangu, Mwitaliano hali saa hizo. Chakula cha mchana huko kinaanza kama saa sita na nusu, na ikifika saa nane na nusu au saa tisa jiko linazimwa. Cha usiku hakianzi kabla ya saa moja na nusu. Mgahawa unaopika mfululizo mchana kutwa katikati ya Roma unapikia watalii, na kati ya saa tisa na saa moja mara nyingi mpishi mwenyewe hayupo, kuna kijana mmoja, friji na tanuri la kupashia. Ngano inaweza kusamehe hali hiyo. Wanga wa mchele hausamehi. Naweka dau kwamba ile pizza ilikuwa ganda lililookwa mapema, pengine la kiwandani, likawekewa nyanya na jibini ulipofika.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa Italia wenye siliaki wanalijua na wageni wengi hawalijui. Pizza nzuri zisizo na gluteni nchini humo mara nyingi zinatengenezwa kwa wanga wa ngano uliosafishwa gluteni. Wenyewe wanauandika kwenye viambato: amido di frumento deglutinato. Ukiliona neno frumento, yaani ngano, moyo unaruka, lakini kama bidhaa imeandikwa senza glutine basi sheria ya Umoja wa Ulaya inasema gluteni iliyobaki haizidi miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula. Kiwango hicho wagonjwa wengi wa siliaki wanakivumilia. Mwenye mzio wa ngano yenyewe, huyo ni mwingine, asiuguse. Unga wa namna hiyo unaumuka vizuri zaidi, na mgahawa unaoutumia utakwambia kwa fahari ukiuliza. Wewe hukuuliza kwa sababu uliona kibao ukapumua. Namwelewa mtu yeyote anayepumua. Lakini mahali ambapo ngano haiingii kabisa pana mteja ambaye hana pengine pa kwenda, na baadhi ya wenye migahawa wanalijua hilo vizuri sana. Kwa nini wahangaike na ladha kama mgonjwa atakuja tu?

Ndiyo maana nakushauri kitu kinachoweza kukushtua: safari ijayo usitafute kwanza mgahawa wa bila gluteni. Tafuta mgahawa mzuri wenye watu wa mtaani, uliofunzwa kuhudumia watu kama sisi. Italia pana chama cha wagonjwa kinachoitwa Associazione Italiana Celiachia, kilianza mwaka 1979. Kinafundisha wapishi na wahudumu, na migahawa, mahoteli na maduka ya aiskrimu yaliyopitia mafunzo yanawekwa kwenye orodha yake na kupewa alama ya kubandika mlangoni. Humo ngano ipo, lakini kuna sehemu yake ya kukandia, sufuria zake, maji yake ya kuchemshia, na mtu anayejua kwa nini. Wapishi hao wanapikia pia mama wa jirani ambaye hana siliaki na hana subira. Chakula kibaya hakidumu hapo.

Italia si nchi ya kuogopa kwa ugonjwa huu. Sheria namba 123 ya mwaka 2005 inaitambua siliaki kama ugonjwa wa kijamii. Wagonjwa wa huko wanapata msaada wa serikali wa kununulia vyakula maalumu, na kantini za shule na hospitali lazima ziwape mlo wao wakiuomba. Vyakula hivyo vinauzwa mpaka kwenye maduka ya dawa. Kwa sababu hiyo ukisema "sono celiaca", yaani mimi ni mwanamke mwenye siliaki (mwanamume aseme celiaco), huchekwi wala huulizwi kama unapunguza unene. Mhudumu anabadilika uso na anakwenda kuuliza. Sema neno hilo. Usiseme tu kwamba "hupendi" gluteni, wala kwamba unajaribu kuiepuka, maana ukiwa mpole kupita kiasi wanadhani ni mtindo wa maisha na wanakuletea saladi iliyookotwa tu vipande vya mkate juu yake.

Nami najua tatizo lako: umelelewa kutosumbua mwenye nyumba. Mgeni wa kwetu anakula anachopewa na anasema kimetosha. Adabu hiyo ni nzuri kwa shangazi yako wa Muheza. Mgahawani unalipa, na utumbo ni wako. Uliza kama mafuta ya kukaangia ni ya peke yake. Swali hili ni muhimu kuliko yote, kwa sababu viazi havina gluteni hadi vinapoingia kwenye mafuta yaliyokaangiwa samaki wa unga. Uliza kama supu au mchuzi umeongezewa uzito kwa unga, na kama kile kidonge cha supu wanachotumia kina ngano. Katika nchi zote za Umoja wa Ulaya mgahawa unapaswa kukuambia kama chakula chake kina nafaka zenye gluteni. Ni kanuni iliyoanza kutumika Desemba 2014, inahusu vitu 14 vinavyosababisha mizio au visivyovumiliwa na mwili, na nafaka hizo ndizo za kwanza kwenye orodha. Unadai haki, huombi fadhila.

Kuhusu kulipa: ndiyo, ulipaswa kulipa, kwa sababu mlikula. Ulimaliza nusu ya pizza kimyakimya huku ukitabasamu, kisha ukamlilia kioo cha chooni. Chakula kibaya kinasemwa kwenye tonge la kwanza. Unamwita mhudumu, unamwonyesha kwamba katikati ni kubichi, unaomba irudishwe tanurini. Hakuna matusi wala simu ya kurekodi. Wakikataa, hapo una la kusema kuhusu bili. Ile pesa ya mkate nayo ungeiuliza. Kwenye bili za Italia utakuta maneno kama pane, coperto au servizio, na bei yake inatakiwa iwe imeandikwa kwenye orodha ya vyakula kabla hujaagiza. Kama haikuandikwa, mwambie kwa upole aioneshe. Kama iliandikwa na hamkusoma, basi mmenunua mkate ambao hamkuutaka, mambo ya safari hayo.

Lakini nakuomba kitu kimoja. Umeniandikia kwamba unataka kuandika hadharani kwamba mgahawa ule ni "hatari kwa wagonjwa". Usiandike hivyo. Andika kwamba pizza ilikuwa kavu, tambi zilikuwa donge na mhudumu hakujali, maana hiyo ndiyo kweli. Ukisema ni hatari, kuna mwanamke mwingine, mgeni, amechoka, ana mtoto mwenye siliaki, anatafuta mahali pamoja tu pa kumlisha bila wasiwasi. Utamfukuza kutoka kwenye mlo mbaya lakini salama, aende kwenye mlo mtamu utakaomlaza mtoto kitandani. Sisi tunaoishi na ugonjwa huu lazima tutofautishe maneno hayo mawili, maana wenye afya hawatatusaidia kuyatofautisha.

Na mtu asifikiri hatari yenyewe ni ya kubuni. Mwenye siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake inashambulia utumbo mwembamba na kuzisaga zile nywele ndogo zinazofyonza chakula. Anakula na bado ana njaa ya ndani: damu inapungua, mifupa inadhoofika, wengine wanaharisha, wengine wanafunga choo, wengine hawaoni dalili kabisa huku uharibifu unaendelea. Dawa ya kumeza haipo. Vile vidonge vinavyouzwa eti vinameng'enya gluteni havikupi ruhusa ya kula chapati, usitupe pesa. Tiba ni kuacha, maisha yote.

Nikueleze kidogo tumejuaje hayo, maana kuna ndizi ndani yake. Mwaka 1924 daktari mmoja wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba anawatibu watoto wenye siliaki kwa kuwalisha ndizi. Watoto walipata nafuu kweli, na ndizi zikapewa sifa zote. Wahaya na Wachaga wangefurahi kusikia. Kumbe ndizi hazikuwa zimefanya muujiza wowote, zilikuwa tu zimechukua nafasi ya mkate. Aliyeipata ngano na hatia ni Mholanzi, Willem Dicke, daktari wa watoto. Alikuwa ameishuku tangu kabla ya vita, na katika njaa kuu ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, watoto wenye siliaki aliokuwa akiwatibu hawakuzidiwa kama ilivyotarajiwa. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake juu ya jambo hilo. Mpaka hapo watoto wengi walikuwa wamekwisha kufa wakiwa wamekondeana, na wazazi wao wakiwalisha mkate ili wapate nguvu.

Haya, turudi mezani. Ungekula nini Roma? Mji ule una vyakula ambavyo havijawahi kuhitaji ngano, na hivyo ndivyo ninavyokutuma ukavitafute popote uendapo. Chakula kisichokuwa na ngano tangu enzi za bibi wa mpishi hakimwigi mtu, kwa hiyo hakina cha kukosa. Roma kuna mwanakondoo wa kuoka anayeitwa abbacchio, pamoja na viazi. Kuna artichoke za carciofi alla romana, zinazopikwa polepole kwa mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na mnanaa. Kuna mboga chungu za cicoria zinazokaangwa kwa saumu na pilipili, ambazo ukizionja utadhani mtu amekupikia mchunga. Kuna kuku wa pilipili hoho. Wewe unakula halali, kwa hiyo nyama yao utaiepuka au utatafuta wachinjaji wa Kiislamu, na samaki wapo. Jihadhari na guanciale, nyama ya shavu la nguruwe, inayoingia kwenye carbonara na amatriciana hata pale ambapo tambi zenyewe ni salama kwa tumbo lako. Jihadhari na supplì: ni wali ndani, lakini nje umevikwa chenga za mkate. Gnocchi nazo zinaitwa za viazi na ndani zimechanganywa ngano.

Aiskrimu chukua kwenye kikombe, si kwenye koni, na mwombe muuzaji asafishe kijiko au afungue chombo kipya, maana kijiko kile kimetoka kugusa koni ya mtu. Wauzaji wengi wanafanya bila kununa.

Nadokeza hapa kwa Wakatoliki, kwa sababu yupo msomaji aliyeniuliza zamani na anakwenda kuhiji Roma. Hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki kwa ekaristi, Vatican ilikumbusha hilo mwaka 2017. Yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na asiyeweza hata hiyo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Zungumza na padri kabla ya misa, usisubiri kwenye mstari.

Sasa Torino. Nilipoona jina hilo kwenye barua yako nilifurahi kuliko wewe. Unakwenda kaskazini, nchi ya wali na ugali! Garimoshi la kutoka Milano kwenda Torino linapita Novara na Vercelli, mashamba ya mpunga pande zote, na Oktoba utakuta mavuno yanamalizika. Agiza risotto. Inapikwa ukiwa umekaa, inachukua kama dakika 20, na mara nyingi wanataka iagizwe na watu wawili, kwa hiyo mtafute mwenzio mapema. Uliza tu ile supu inayomwagiwa imetengenezwaje, na kama unajali divai waambie, maana wanaimimina mwanzoni. Kisha agiza polenta. Huo ni ugali wa unga wa mahindi ya njano, laini, unakorogwa muda mrefu, unaliwa na uyoga au jibini, au unaachwa ugande ukatwe vipande na kubanikwa. Wakulima maskini wa kaskazini waliula kwa vizazi, wengine wakiula peke yake hadi wakaugua pelagra kwa kukosa vitamini. Leo umepanda daraja, uko kwenye sahani za bei. Utakapowaona wenzako wa chuo wanaupiga picha, usiseme kitu. Kula kwa mkono kama utaweza, na kama huwezi mbele yao basi chukua uma.

Pia kuna farinata, chapati nyembamba ya unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, inayookwa kwenye sinia kubwa la shaba. Asili yake ni pwani ya Genova, lakini Torino wanaipenda sana. Mtoto wa Tanga aliyelelewa na bhajia za dengu hahitaji kuelezwa zaidi. Tatizo ni kwamba inauzwa pizzeria, ndani ya tanuri moja na pizza, kwa hiyo uliza. Bagna cauda ni mchuzi wa moto wa dagaa wa chumvi, saumu na mafuta, unachovya mboga. Na chokoleti ya gianduja yenye njugu za nocciola, soma viambato, zipo nyingi zisizo na ngano. Panna cotta haina ngano lakini ina jelatini, na jelatini kule inaweza kuwa ya nguruwe. Kitu cha kukimbia ni grissini, vijiti vya mkate. Torino ndiko kwao, vinawekwa juu ya kila meza hata hujaketi, na chenga zake zinafika kila mahali. Mwambie mhudumu aviondoe upande wako na afute meza.

Kuhusu wenzako. Safari ile uliwapeleka wote kwenye mgahawa wako siku ya kwanza, ukiwa umebeba wasiwasi wa wote watano: kama ni kibaya, wamekula kibaya kwa ajili yako. Mzigo huo usiubebe tena. Waambie mapema, kabla hamjakata tiketi, kwamba usiku mmoja utachagua wewe mahali na usiku mwingine watachagua wao, na usiku wao wewe utakuwa umekula kabla na utakunywa chai ukiwasikiliza. Yule aliyesema "pole" nadhani hakukusudia ubaya. Wazungu wengi wa umri wenu wanajua gluteni kama kitu cha kuacha ili upungue. Mwambie mara moja, kwa sentensi mbili, kwamba wewe ukila utumbo unajeruhiwa. Akirudia mzaha baada ya hapo, hilo si suala la chakula tena.

Na beba chakula kwenye mkoba. Njugu, ndizi, mayai ya kuchemsha, vitumbua vya mchele ukipika mwenyewe. Mtu mwenye njaa saa kumi na nusu jioni anaingia mlango wowote, hata wewe uliingia. Ungekuwa na vitumbua viwili mkobani ungefika saa moja na nusu, jiko limewaka, mafuta mapya, mpishi yupo.

Nimalizie na likizo yako ya Desemba, kwa sababu umeandika kwamba angalau nyumbani utapumzika. Taratibu. Kweli Pwani tumebarikiwa wali wa nazi, muhogo, vibibi, mkate wa kumimina, ugali wa mahindi na wa mtama. Lakini unga wa dengu wa bhajia kuna wanaouchanganya na ngano ili uende mbali. Viazi karai vinachovywa kwenye unga, uliza upi. Urojo wa Unguja unakorogewa unga wa ngano. Unga wa uji wa lishe unachanganywa nafaka za kila aina, na mashine ya kusaga ya mtaani iliyotoka kusaga ngano ya mteja mmoja inaanza na mtama wako bila kusafishwa. Nunua nafaka, zichague kwa mkono, zioshe, zianike, na umwombe mwenye mashine akusagie pale anapokuwa amesafisha. Mama yako atasema Uingereza imekuharibu. Mpe hii kona asome.

Wasomaji wengine mnaoumwa tumbo miaka, mkaambiwa ni vidonda, amiba au taifodi na dawa hazisaidii, nanyi mmeniandikia mkitaka kuacha ngano kesho asubuhi: msiiache bado. Kipimo cha damu cha siliaki, na kile cha kuchukua kinyama cha utumbo, vinasoma sawasawa mtu akiwa anaendelea kula ngano. Ukiacha kwanza, majibu yanaweza kuja safi na wewe ni mgonjwa. Nenda hospitali ya rufaa, mwambie daktari unataka upimwe siliaki, na mpaka siku ya kupimwa endelea na chapati yako.